Re: JJK sizoni ya 2, Itadori kaenda wapi?

Habari mkuu, nimekupata. Umemaliza sizoni ya 1 ya Jujutsu Kaisen (JJK), ile anime ya Kijapani ya wachawi wanaopigana na mazimwi yanayoitwa laana, umefungua ya 2 unakuta mwalimu Gojo bado mwanafunzi, mhusika mkuu Itadori haonekani, unauliza kama umedownload faili siyo au uruke tu.

Faili ni lenyewe. Zile episodi 5 za mwanzo zinarudi nyuma mpaka 2006, Gojo na mwanafunzi mwenzake Geto wakiwa marafiki wa damu, Itadori anarudi kikamilifu episodi ya 6. Usiruke aisee, hapo ndo uzito wote wa Shibuya, ile vita kubwa inayofuata kwenye sizoni hiyo hiyo, unapojengwa, ukiruka utaona ngumi tu bila kujua kwa nini inauma.

Kwanza cheki kama umeangalia muvi ya Jujutsu Kaisen 0. Kama bado, anza nayo, ilitoka Desemba 2021 katikati ya sizoni hizo mbili na ndo inamwonyesha Geto akiwa adui waziwazi.

Halafu rudia sizoni ya 1 pale Geto amekaa mgahawani na Jogo, mmoja wa zile laana, mwangalie paji la uso, kuna mshono umepita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Geto huyu kijana wa 2006 hana mshono. Kwenye muvi pia hana. Sikwambii zaidi.

Kwangu mimi arki (sehemu ya hadithi) hii ya ujana inaipita hata Shibuya, manake Shibuya ni vita juu ya vita mpaka unachoka, ila huku unamwona Geto anameza zile laana moja moja, kila moja ina ladha ya tambara lililofutia matapishi, na hakuna mwingine anayeijua ladha hiyo.