Umemchana mteja nyuma ya sikio

Pole kaka kinyozi wa Mikindani, uliyeuliza ufanyeje baada ya kumchana mteja kwa wembe, ukampaka spiriti na kuifuta mashine ya kunyolea kwa taulo. Ila kumpaka spiriti kidonda kikiwa wazi ulimtesa bure. Vaa glavu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 bila kuchunguliachungulia, kisha osha kwa maji na sabuni. Wembe huo tupa kwenye kopo gumu. Mashine nayo, kuifuta na taulo hakutoshi kabisa: kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili hata siku 7. Isafishe kwa dawa ya kuua vijidudu. Kama nawe ulijikata damu zikagusana, nendeni wote hospitali ya Ligula leo leo. Dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Na hela ya kunyoa mrudishie, jamani!