Maswali ya Wasomaji: Uchawi wa Mchezo wa Video Unapohamia Mezani

SWALI: Mhariri, mimi ni msimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu, katika kundi letu. Mchezaji mmoja anataka mchawi wake awe na uchawi wa kusimamisha wakati alioupenda katika mchezo wa video, ambao humgandisha adui kwa sekunde 10. Nikiuleta kama ulivyo, adui mkubwa anauawa bila kujitetea. Nikiupunguza, mwenzetu analalamika kwamba si ule alioujua. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo lako limeanzia kwenye zile sekunde 10. Katika mchezo wa video mtu mmoja hupambana peke yake, na sekunde hizo humtosha kukimbia au kunywa dawa. Mezani mzunguko mmoja wa vita huhesabiwa kuwa sekunde 6, kwa hiyo sekunde 10 ni karibu mizunguko 2, na katika mizunguko hiyo kila mchezaji wa kundi lako hupata zamu zake zote. Wakiwa wanne, adui aliyepoteza zamu 2 anashambuliwa mara 8 bila kujibu. Waandishi wa mchezo wenyewe waliliona hilo: Time Stop, uchawi wao wa kusimamisha wakati, ni wa daraja la 9, la juu kabisa, na hata hivyo hukoma mara tu mchawi anapomgusa mwingine kwa uchawi wake.

Muulize mchezaji wako uchawi ule ulimpa nini. Nadhani atasema ulimpa nafasi ya kupumua, na hilo ndilo la kulihamisha. Mimi ningeuandika hivi: uchawi wa daraja la 2, kwa adui mmoja aliye ndani ya futi 60, ambaye atarusha dadu ya kujinusuru kwa Hekima, yaani kujaribu kuushinda uchawi kwa alama yake ya Hekima. Akishindwa, hatapata zamu yake inayofuata. Lakini mpaka zamu hiyo ipite, hakuna silaha wala uchawi utakaomdhuru, kwa kuwa yuko nje ya wakati. Kundi litapata muda wa kumtibu majeruhi, kufunga mlango au kujipanga upya, ila halitaweza kumchinja mtu aliyeganda. Ukitaka kupima uzito wake, ulinganishe na uchawi wa Banishment wa daraja la 4, ambao humwondoa adui vitani hadi dakika 1 mchawi akidumisha umakini wake.

Kuhusu mana, ile akiba ya nguvu za uchawi ya michezo ya video, sina mengi: iache, utumie nafasi za uchawi zilizopo mezani, yaani idadi maalumu ya mara ambazo mchawi anaweza kutumia uchawi wa kila daraja. Hata mchezo wa video wa Final Fantasy ya kwanza, ya mwaka 1987, nao ilihesabu idadi ya matumizi kwa kila daraja.

Mchezaji akija na uchawi wa moto, usiupime kwa Fireball, uchawi wa mpira wa moto wa daraja la 3. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2014 unapendekeza dadu 6 za pande sita kwa uchawi wa daraja la 3 unaopiga wengi, yaani wastani wa pointi 21 za madhara, lakini Fireball hurusha dadu 8, wastani wa 28. Uchawi huo ulipendelewa makusudi, na ukiufanya kipimo chako, kila utakachobuni kitazidi kiasi.

Mweleze mchezaji mapema kwamba uchawi huu ni wa majaribio na kwamba mtaurekebisha pamoja, kisha uandike kwenye kadi yake kwa penseli.