Vidonge vya kuzuia oksidesheni na wasiwasi
Ndugu yangu, umeuliza kama vidonge vya kuzuia oksidesheni, yaani uharibifu wa seli unaoletwa na molekuli kali zenye oksijeni, vitakuondolea wasiwasi. Usivinunue kwanza. Ni kweli ubongo, wenye takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni, na mafuta yake mengi huharibiwa kirahisi na molekuli kali zinazozalishwa humo. Lakini mwaka 2005 watafiti waliongeza vimeng'enya viwili vinavyokinga seli dhidi ya uharibifu huo, glioksalesi 1 na glutathioni ridaktesi 1, kwenye ubongo wa panya, na wasiwasi wao ukazidi! Kwa hiyo kuongeza kinga hiyo si lazima kulete utulivu. Hofu ikikunyima usingizi, tafadhali muone daktari. Tiba ya mazungumzo ina ushahidi mzuri zaidi.