Maswali ya Wasomaji: Detroit Pistons na Kazi ya Kujenga Timu Upya

Tangu Detroit Pistons walipotoka kwenye ushindi 14 na vipigo 68 msimu wa 2023/24 wakafikia ushindi 44 na vipigo 38 msimu uliofuata, barua zinazohusu NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, zimeongezeka katika safu hii, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali: timu iliyoanguka kiasi kile huanzia wapi kujiinua? Nimechagua barua sita. Baadhi nimezifupisha, na salamu zote nimezipokea kwa shukrani ingawa hazionekani hapa.

Swali: Mhariri, pole na majukumu. Siku zote nimeamini kwamba timu inayoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua chipukizi. Mbona Detroit walishika mkia miaka miwili mfululizo na mara zote mbili wakachagua wa tano? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Kwa sababu mpangilio wa juu wa drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua chipukizi kwa zamu, huamuliwa kwa bahati nasibu. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019, timu tatu za mwisho zina uwezekano ulio sawa, asilimia 14 kila moja, wa kupata chaguo la kwanza, na droo yenyewe hupanga nafasi nne tu za mwanzo. Zinazobaki hufuata msimamo wa ligi. Timu ya mwisho kabisa, kwa hiyo, inaweza kuteremka hadi nafasi ya tano, wala haiwezi kupita hapo. Jambo ambalo mashabiki wengi hawaliangalii ni kwamba nafasi hiyo ya tano ndiyo inayoiangukia mara nyingi kuliko nyingine yoyote, kwani uwezekano wake ni asilimia 47.9. Detroit waliangukia hapo mwaka 2023, Victor Wembanyama alipokwenda San Antonio akiwa chaguo la kwanza, wakaangukia hapohapo mwaka 2024, Atlanta waliokuwa na uwezekano wa asilimia 3 tu walipopata chaguo la kwanza. Hata mwaka 2022, walipokuwa wa tatu kutoka mkiani, walichagua wa tano.

Ndiyo maana siwahukumu viongozi wa Detroit kwa nafasi waliyochagulia, maana hiyo haikuwa mikononi mwao. Ninawahukumu kwa watu waliowazungushia vijana waliowapata, na katika hilo kipindi cha 2020 hadi 2024, chini ya meneja mkuu Troy Weaver, kina mengi ya kujibu.

Swali: Katika drafti ya 2024 Detroit walimchukua Ron Holland, kijana asiyeaminika kwa mitupo ya mbali, ilhali tayari walikuwa na Ausar Thompson mwenye upungufu uleule. Dalton Knecht, ambaye sifa yake kubwa ni kutupa, alikuwapo. Huoni kwamba walikosea? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Hoja yako ina uzito, na siku ile wachambuzi wengi waliisema. Thompson na Holland wanafanana mno: wote wanakimbia sana, wanakaba kwa bidii na wanaruka kuliko wenzao, na wote wawili mabeki wa timu pinzani huwaacha peke yao nje ya mstari wa pointi tatu bila wasiwasi. Hata hivyo ningekuomba uitazame timu jinsi ilivyokuwa siku hiyo. Trajan Langdon, aliyetoka New Orleans kushika uongozi, alikuwa na wiki chache tu kazini; Thompson alikuwa hajamaliza msimu kwa sababu ya tatizo la damu kuganda; na timu yenye ushindi 14 haina pengo moja ambalo unaweza kusema ukiliziba mambo yatatengemaa. Holland alikuwa na miaka 18, Knecht 23, na timu nyingi zilimpita Knecht hadi Los Angeles Lakers walipomchukua akiwa wa 17. Mtupaji hodari hupatikana sokoni kila mwaka, wakati mwingine kwa bei ndogo kama nitakavyoeleza katika jibu linalofuata, lakini kijana wa miaka 18 mwenye mwili na moyo wa kukaba namna ile haji sokoni. Mimi ningemfikiria zaidi Matas Buzelis, ambaye Chicago walimpata wa 11, kwa kuwa ana urefu na pia anaweza kutupa. Lakini kumwita Holland kosa ni kuharakisha. Msimu wake wa kwanza aliucheza akitokea benchi, mtupo wake wa mbali ukabaki dhaifu, na ukabaji wake ukampa dakika katika timu iliyokuwa inashinda.

Swali: Tulisoma kwamba kiangazi cha 2024 Detroit walikuwa na nafasi kubwa ya fedha. Kwa nini waliimalizia kwa wachezaji waliokwisha kupita kilele chao kama Tobias Harris, badala ya kumnunua nyota mmoja wa kweli? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Swali hili ndilo kiini cha habari yote, na utaniwia radhi nikilijibu kwa kirefu.

Tuanze na hesabu. Kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho ligi huweka kwa jumla ya mishahara ya wachezaji wa timu moja, kwa msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 140.6. Timu iliyokwisha kukifikia bado inaweza kuwaongezea mikataba wachezaji wake yenyewe, lakini haiwezi kumchukua mchezaji huru wa nje kwa mshahara mkubwa. Kwa hiyo nafasi iliyo chini ya kikomo ni mali, na mali hiyo ina tarehe ya mwisho. Kwa Detroit tarehe ilikuwa karibu. Cade Cunningham, waliyemchagua wa kwanza mwaka 2021, alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa mkataba wa chipukizi akilipwa karibu dola milioni 14. Julai hiyohiyo alisaini mkataba wa nyongeza wa miaka mitano, dola milioni 224, utakaoanza 2025/26, wenye kipengele cha kupanda akichaguliwa katika vikosi bora vya ligi. Alichaguliwa kikosi cha tatu mwaka 2025, na jumla ikafika milioni 269. Isitoshe, fedha hizo zisingeweza kuachwa zikae tu, kwa kuwa kanuni zinaitaka kila timu ifikie asilimia 90 ya kikomo kabla msimu haujaanza, la sivyo inapoteza fungu lake katika mgawo wa kodi zinazolipwa na timu zilizovuka mipaka ya mishahara.

Sasa, nani angekuja? Nyota mkubwa aliyebadili timu kiangazi kile akiwa huru alikuwa Paul George, naye alikwenda Philadelphia kwa mkataba wa miaka minne. Mchezaji wa hadhi yake haachi timu ya mtoano ili ajiunge na timu iliyofungwa mara 28 mfululizo ndani ya msimu mmoja, hata ukimlipa sawasawa na wengine. Ungeweza kumlipa mchezaji wa daraja la pili kama nyota, na timu nyingi zinazojijenga hufanya hivyo kwa kukosa subira, kisha miaka mitatu hubaki zikitafuta wa kumchukua.

Langdon alifuata njia nyingine. Alimpa Harris, aliyetimiza miaka 32 mwezi huo na aliyewahi kuichezea Detroit kati ya 2016 na 2018, dola milioni 52 kwa miaka miwili. Alimpa Malik Beasley milioni 6 kwa mwaka mmoja. Alimpokea Tim Hardaway Jr. kutoka Dallas pamoja na chaguo tatu za mzunguko wa pili wa drafti, akimtoa Quentin Grimes. Yaani aliitumia nafasi yake ya mishahara kama ghala ambalo mwingine analipia ili ahifadhi mzigo wake. Alimwandikisha Paul Reed alipoachwa na Philadelphia. Akaacha kuendeleza mwaka wa milioni 19 wa Evan Fournier. Hakuna mkataba hata mmoja kati ya aliyotoa kwa watu wazima hawa ambao ungeibana timu baada ya 2026, wakati mshahara mpya wa Cunningham ungekuwa umeanza kuuma.

Uwanjani maana yake ilionekana haraka. Cunningham ni mchezeshaji anayependa kuingia ndani polepole, akiweka mwili wake kati ya mpira na beki, na msimu uliotangulia kila alipoingia alikuta watu watatu wakimsubiri, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kumhofia pembeni. Beasley alifunga mitupo 319 ya pointi tatu msimu wa 2024/25, mmoja pungufu ya Anthony Edwards aliyeongoza ligi, na beki anayemkaba mtu wa namna hiyo hathubutu kumwacha ili asaidie ndani. Cunningham akafikisha wastani wa pointi 26.1 na pasi za mabao 9.1 kwa mchezo. Hakuwa amegeuka mtu mwingine katika miezi mitatu ya likizo. Alipata uwanja wa kuchezea.

Linganisha na miaka ya Weaver. Kazi ilikuwa kuwakusanya vijana waliochaguliwa juu na timu nyingine wakashindwa huko: Marvin Bagley III, wa pili mwaka 2018, na James Wiseman, wa pili mwaka 2020. Wazo linavutia ukiliandika kwenye karatasi, lakini vijana wanaojifunza waliishia kuzungukwa na vijana wengine wanaojifunza, na mpira mmoja hauwatoshi wote kwa mazoezi.

Swali: Je, ni kweli kwamba walimfukuza kocha huku wakiendelea kumlipa? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Ni kweli. Monty Williams alisaini mwaka 2023 mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78.5, akaondolewa Juni 2024 baada ya msimu mmoja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilibaki kuwa deni la mmiliki, Tom Gores. Mishahara ya makocha haihesabiwi katika kikomo cha wachezaji, kwa hiyo iliumiza mfuko wake bila kugusa kikosi. J.B. Bickerstaff, aliyekuwa ametoka kuachishwa Cleveland, alichukua nafasi hiyo.

Swali: Sisi wa Dar es Salaam tuna kidonda chetu. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na hadi leo watu wanamtaja kama mfano wa drafti iliyokwenda vibaya. Unaonaje, alikosea yeye au ilikosea timu? (Msomaji, Upanga)

Jibu: Ahsante kwa kulileta hili, kwa sababu linahusiana na Detroit kuliko linavyoonekana. Memphis Grizzlies wa 2008/09 walikuwa timu inayojijenga, ushindi 24 na vipigo 58, na bahati nasibu iliwarusha kutoka nafasi ya sita hadi ya pili. Thabeet alikuwa amekitumikia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa ustadi mkubwa wa kuzuia mitupo, akiwa na kimo cha sentimita 221, lakini mpira wa kikapu alikuwa ameuanza akiwa kijana mkubwa hapa nyumbani na ufundi wake wa kushambulia ulihitaji miaka. Miaka hiyo ingetoka wapi? Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile, na Julai 2009, wiki chache baada ya drafti, wakamleta Zach Randolph kutoka Los Angeles Clippers kwa kumtoa Quentin Richardson. Chini ya kikapu pakajaa. Februari 2010 Thabeet alipelekwa ligi ya maendeleo kuichezea Dakota Wizards, na Februari 2011 akahamishiwa Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba timu ilimchagua mtu asiye na mahali pa kujifunzia, na lawama kubwa naiweka hapo. Lakini angalia upande wa pili, unaowaudhi wapenzi wa drafti: Memphis walikosea chaguo la pili zima na bado wakainuka. Mwaka 2011 waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza upande wa Magharibi, na mwaka 2013 wakafika fainali ya upande huo, Gasol na Randolph wakiwa nguzo. Randolph, mtu ambaye timu kadhaa zilikuwa zimechoka naye, aliwafaa kuliko kijana yeyote waliyemchagua mwaka ule isipokuwa ukihesabu wale waliowaacha. Hapo msomaji wa Upanga ana haki ya kuguna, maana Harden alikuwa wa tatu.

Swali: Mbona kiangazi cha 2025 Detroit hawakuchagua mtu yeyote mzunguko wa kwanza? Na waliwaachaje waende watupaji waliowafikisha mtoano? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Chaguo lile liliuzwa mwaka 2020. Ili wapate nafasi ya 16 na kumchukua Isaiah Stewart, Detroit waliwapa Houston chaguo la mzunguko wa kwanza la baadaye, lenye kinga: likiangukia nafasi za juu, linabaki Detroit na deni linasogezwa mwaka mmoja mbele. Kwa kuwa timu ilikuwa mbaya kila mwaka, deni lilisogezwa na kusogezwa, huku likipita mikononi mwa Oklahoma City, New York na hatimaye Minnesota. Mwaka 2025 kinga iliishia nafasi ya 13, Detroit walikuwa wa 17, Minnesota wakachagua. Stewart angali ndiye mlinzi wa kuaminika wa eneo la ndani, kwa hiyo sioni kwamba walipunjwa.

Kuhusu watupaji, mikataba ya Beasley, Hardaway na Dennis Schröder, aliyeletwa Februari kwa nafasi ya mishahara iliyokuwa imebaki, yote iliisha kwa pamoja, na ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Hardaway alikwenda Denver, Schröder Sacramento, na Beasley hakurudi. Pengo la Beasley ndilo lililonitia shaka, kwa sababu mitupo 319 haizibwi na mtu mmoja. Langdon alimtoa Simone Fontecchio ili kumpata Duncan Robinson kutoka Miami, akamsaini Caris LeVert kwa miaka miwili, dola milioni 29, na kwa chaguo la 37 akamchukua Chaz Lanier, mtupaji kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee. Robinson hukimbia nyuma ya wenzake na kutupa bila kusimama, kama alivyofanya Beasley, ila katika kukaba wapinzani humtafuta yeye kwanza, na huko Bickerstaff atawahitaji sana Thompson na Holland.