Jibu: Programu ya kufundishia maumbo ya pande tatu, Gredi ya 5

Mwalimu mwenzangu wa Likoni, umeuliza ni programu gani itawaonyesha watoto nyuso za mchemraba ambazo ubaoni zinajificha, na intaneti yenu ni ya kubahatisha. Chukua GeoGebra, kile kikokotoo chake cha 3D. Ni ya bure, na ukishaipakua kwenye vishikwambi haikudai bando.

Ila usiwape mchemraba wauzungushe tu, watachoka upesi. Tengeneza kitelezi cha kuanzia 0 hadi 1, ukiunganishe na amri ya Net, ile inayokunjua umbo likalala bapa. Mtoto akikivuta kwa kidole, nyuso zote 6 zinafunguka polepole mpaka zinalala chini. Msimamishe katikati! Muulize uso wa juu utaangukia wapi. Hapo mabishano yataanza, nawe nyamaza uwaache wabishane, kwa sababu wanapojaribu kuuona mchemraba akilini ndipo wanapojifunza hasa.

Halafu vishikwambi viwekwe kando. Ukivuka feri, pitia soko la Marikiti uwaombe wenye maduka maboksi matupu, watoto wayapasue wenyewe. Mchemraba una njia 11 tofauti za kukunjuliwa. Wazitafute kwa mkasi na karatasi ya miraba. Kwa umri huo skrini peke yake haitoshi, lazima mkono ushike kitu.

Kishikwambi kimoja kwa watoto wanne kinatosha, mradi kila mmoja apate zamu. Kitelezi kikikusumbua, andika hapa hapa nikutumie faili langu.