Mpira uliorushwa juu kutoka paa la mita 25
Umeuliza mpira uliorushwa juu kwa 20 m/s kutoka paa hilo utafika ardhini baada ya sekunde ngapi, na kwa nini hesabu yako haitoi jibu. Hesabu yako iko sawa, kosa ni alama ya chanya au hasi tu. Umeandika 25 = 20t − 5t² (t ni muda kwa sekunde), yaani unautaka mpira ufike mita 25 juu ya paa. Kwa mwendokasi wa 20 m/s haupandi zaidi ya mita 20, ndiyo maana ndani ya kipeuo cha pili unapata namba hasi.

Ukichagua juu kuwa chanya, ardhi iko −25 kutoka paa. Kwa hiyo −25 = 20t − 5t², t² − 4t − 5 = 0, t = 5 au −1. Chukua sekunde 5.

Na tafadhali usibadilishe alama ya mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi kila sekunde) mpira unapoanza kushuka: ni −10 m/s² mwanzo hadi mwisho, hata pale kileleni unaposimama. Wanafunzi wengi hupotezea maksi hapo hapo.