Wasomaji Wanauliza: Vifaa vya kampuni tofauti kwenye boti moja

SWALI: Skrini yangu ya ramani ni Garmin, iko kwenye mtandao wa NMEA 2000 (kiwango cha pamoja cha vifaa vya boti kupeana data). Nimeongeza kipima kina na kipima upepo vya Raymarine vyenye plagi za SeaTalkng, nazo haziingiliani. Nimeshauriwa nikate plagi niunge nyaya rangi kwa rangi. Nifanye hivyo?

JIBU: Weka mkasi chini kwanza. SeaTalkng ni NMEA 2000 iliyovaa plagi nyingine. Lugha ni ileile. Inauzwa kebo ya kubadilishia, upande mmoja SeaTalkng, upande wa pili plagi ya duara ya pini 5. Waya uliofungwa kwa mkono utafanya kazi leo, halafu chumvi iingie na data ianze kukatika mnapokuwa majini.

Plagi ni jambo dogo, lakini umbo la mtandao ndilo huwaangusha wengi. Kuna mkongo mmoja, yaani kebo kuu, na kila kifaa huning'inia kwenye tawi lake lisilozidi mita 6. Mkongo huzibwa kila ncha kwa tamineta, yaani kizibo chenye kipinga cha omu 120. Mbili tu! Vifaa vya Raymarine mara nyingi huja na mkongo wake mdogo wenye tamineta zake na kebo yake ya umeme. Ukiuchomeka wote kama ulivyo kwenye tawi la mkongo wa zamani, unakuwa na tamineta nne na njia mbili za umeme. Kwa hiyo toa tamineta moja kwenye kila mkongo, unganisha mikongo hiyo miwili ncha kwa ncha kwa kebo ya kubadilishia, kisha ondoa kebo moja ya umeme. Ibaki moja, volti 12, yenye fyuzi ya ampea 3.

Sasa pima. Zima umeme wa mtandao, chomoa tawi moja, uguse pini ya 4 na ya 5 (waya mweupe na wa buluu) upande wa mkongo. Multimita isome karibu omu 60. Ikisoma 120, tamineta moja haipo au mkongo umekatika. 40 maana yake kuna moja ya ziada. 30 ni zile nne. Kipimo hiki hakichukui dakika mbili, na ajabu ni wangapi hukiruka wakakimbilia kubadilisha skrini.

Kichwa cha upepo kinachotoa data ya mtandao moja kwa moja kina shida yake: kebo ya mlingoti karibu kila mara huzidi mita 6. Hapo ifanye kebo hiyo kuwa mwisho wa mkongo. Ondoa tamineta ya ncha ya chini ambako kebo hiyo inaungwa, na juu, kabla ya kichwa, weka tamineta ya kupitisha, ile inayochomekwa kati ya kebo na kifaa.

Mwisho, kwenye menyu ya skrini chagua chanzo cha kila data. GPS mbili zikiachwa zishindane, alama ya boti itarukaruka kwenye ramani.

SWALI: Redio yangu ya VHF ina nyaya za NMEA 0183 tu, kiwango cha zamani kabla ya NMEA 2000. Nimeiunga na GPS lakini haionyeshi mahali nilipo.

JIBU: Kwenye 0183 kuna msemaji (kifaa kinachotuma) na msikilizaji (kinachopokea), na kila njia ina waya mbili, A na B. Waya wa kutuma A wa GPS uende kwenye wa kupokea A wa redio, na B kwenye B. Rangi hazina maana hapa, kwani kila kampuni hupaka zake. Fuata kitabu cha kifaa. Kama A na B zimebadilishana, data hufika ikiwa imeharibika, basi zigeuze. Redio ikiwa na waya mmoja wa kupokea na hasi ya pamoja, unga A tu na hasi kwa hasi. B ya GPS izibwe kwa utepe, usiifunge kwenye hasi kwa sababu unaweza kuua saketi ya kutuma. Kasi iwe 4800 pande zote mbili (38400 ni ya AIS, mfumo wa vyombo kutambuana), na hakikisha kwenye GPS kwamba RMC, sentensi ya data inayobeba mahali ulipo, imewashwa. Msemaji mmoja anaweza kusikilizwa na wengi, ila wasemaji wawili kwenye waya mmoja hugongana.

SWALI: Je, antena ya rada ya kampuni moja itaonyesha picha kwenye skrini ya nyingine?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Picha ya rada hupita kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, wala NMEA 2000, yenye kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, haiwezi kuibeba. Nunua rada inayoendana na skrini yako.